Namba Iliyopinda ya Mama Ndaya

Kitu cha kwanza alichokiona Naomie ni kuku. Alikuwa amesimama nyuma ya nyumba ya Mama Ndaya, karibu na turubali lililofunika kitu kirefu, na alikuwa akigombana na kuku mwenzake aliyekaa ndani ya kioo. Anadonoa, anarudi nyuma, anatanua mabawa, anadonoa tena. Naomie alikuwa amekuja kununua mawese tu, lakini aliinama atazame ni kioo gani hicho chenye kuleta ugomvi. Ilikuwa taa ya gari, ndogo, ya mviringo, na kuizunguka taa palikuwa na bati jekundu linalong'aa kama pilipili iliyooshwa.

Alichukua mawese yake akaondoka bila kuuliza kitu. Kuuliza hakukuwa kazi yake. Shule aliiacha darasa la nne, na tangu hapo aliona kwamba dunia ina wasemaji wa kutosha, haikosi kitu akinyamaza yeye. Ila nyumbani, akiwa anamimina mawese chunguni, alimwambia Blaise:

"Kwa Mama Ndaya iko gari nyekundu chini ya turubali. Fupi. Milango mbili tu."

Blaise Misenga alikuwa amelala chali mkekani, akipumzika kutokana na kazi ambayo hakuwa ameifanya. Akafungua jicho moja.

"Taa za nyuma ziko duara?"

"Duara."

Akafungua la pili. Na Blaise akifungua macho yote mawili kabla ya chakula, ujue kuna mtu Kindu atalala akilia.

Mjini walimwita Maître, kama wakili, ingawa hakuna aliyejua alisomea nini, na mahakama ilikuwa haijawahi kumwona isipokuwa upande wa mshitakiwa. Ndiye aliyeuza nafasi moja ya treni kwa familia tatu, na treni yenyewe haikuwa inakuja. Familia zile zilipomkamata sokoni, aliziuliza kwa upole mkubwa: "Kuna muntu amekalia nafasi yenu?" Hakuna. "Basi, nimewaibia nini?" Wakatazamana, wakaona kweli haki yao haijaguswa, wakaenda zao.

Naomie alikuwa akikaa kwake mwaka wa tatu sasa bila mahari. Baba yake, kule Tunda, alikuwa ametoa neno moja tu na hakulirudia: mdogo mtu, Emerance, hataolewa kabla mambo ya mkubwa hayajajulikana. Mchumba wa Emerance alikuwa kijana laini alipoanza kungoja. Sasa alikuwa na ndevu. Kila Blaise alipoanza kazi mpya alisema: "Hii ikipita, tunaenda Tunda. Mbuzi mbele, mimi nyuma." Kazi zilipita. Mbuzi hawakupita.

Siku hiyohiyo Blaise alimpigia simu Djo, rafiki yake wa Kinshasa, dalali wa wazungu wenye kupenda magari ya zamani. Djo alisikia "nyekundu, milango mbili, taa duara," akameza mate kama mtu aliyeitiwa sahani ya nyama.

"Kaka, gari za mbio za namna hiyo, bati si kitu," akasema. "Muzungu hanunui bati. Ananunua namba. Iko namba imepigwa juu ya motere, ile injini, na iko ingine kwa chuma cha chini. Zikifanana, gari imeoa bibi yake wa kwanza. Zisipofanana, ni ndoa ya barabarani. Na uangalie vizuri: kule kiwandani mufundi alipiga kwa mukono, na nyundo, moja moja. Lazima zipinde. Chini yake utaona mistari midogo ya mashine iliyolainisha chuma. Mwenye kughushi anasugua kwanza, mistari inakufa. Ukikuta namba imenyooka vizuri, kimbia."

"Na ikiwa ya kweli?"

"Utanunua mbuzi wote wa Maniema."

Naomie, aliyekuwa anakoroga chungu, alisikia neno mbuzi likitoka simuni.

*

Blaise alijua siri moja ya dunia: anayesema sana huonekana muuzaji, anayenyamaza huonekana amesoma. Kwa hiyo alimvika Naomie koti jeupe la muuguzi, akampa kioo cha kukuzia cha fundi wa saa, akampeleka kwa Mama Ndaya kama ekspere, mtaalamu wa motere kutoka Lubumbashi.

"Mademoiselle hasemi akiwa kazini," alieleza mlangoni. "Sauti inatikisa chuma."

Mama Ndaya aliona ni jambo la akili. Alikuwa mjane wa Kanyinda, fundi wa reli aliyetoka Kasai na kuzikwa Kindu, naye alikuwa na moyo mweupe unaowapa wajanja njaa. Alileta vigoda, alileta maji, akaleta na jirani, Papa Tharcisse, mstaafu wa karakana ya reli, ambaye hakuna jambo lililozungumzwa kwenye avenue ile bila yeye kulikalia.

"Hii gari njo ilikuwa roho ya bwana yangu," Mama Ndaya akasema, akiondoa turubali na kuku wawili. "Mugiriki mumoja njo alimuachia. Siku ya kukimbia, ndege ilikuwa na nafasi ya Mugiriki, haikuwa na ya gari. Kisha vita ikakuja. Wenye bunduki wakaanza kukusanya kila kitu chenye kutembea. Bwana yangu akatoa motere, akaiweka kwa sanduku, akaniambia: lia."

"Ulie?"

"Nililia, mutoto yangu! Avenue yote ililia. Tukamuita marehemu Jérôme, muyomba wa bwana yangu. Muyomba huyo hakuzaliwa hata siku moja. Wanaume walibeba sanduku wakatoa jasho, askari mumoja akauliza: 'Huyu alikula nini?' Bwana yangu akamujibu: 'Alikufa na kuvimba.' Askari akatoa kofia."

"Akachanga na matanga," Tharcisse akaongeza. "Sukari. Mimi njo niliipokea."

Basi ule motere ulilala kaburini chini ya msalaba, umepakwa grisi ya mabehewa, mpaka vita ilipochoka. Kanyinda akamfufua muyomba, akamrudisha ndani ya gari. Wakristo wengi wa mtaa walikuwa na Pasaka moja kwa mwaka. Yeye mwaka ule alikuwa na mbili.

Kapo la mbele, mfuniko wa motere, likafunguliwa. Naomie akainama na kioo chake. Namba ilikuwa ubavuni mwa motere, mahali bapa kama kisigino. Nne ilikuwa imeinama kama mlevi anayetafuta ukuta. Saba ilizama kuliko wenzake. Moja ilipanda juu kidogo, kama mtoto anayechungulia dirishani. Na chini ya tarakimu zote, mistari myembamba, yote ikielekea upande mmoja, kama njia za kitana katika nywele zilizopakwa mafuta. Kwenye chuma cha chini alikuta namba ileile.

Alipiga picha kwa simu ya Blaise. Kisha akamtazama, akapepesa jicho mara moja. Ya kweli.

Blaise akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyeona maiti.

"Mama Ndaya... pole sana."

"Nani amekufa?"

"Namba yako. Ni ya uongo."

Mama Ndaya akashika kifua. Blaise akamgeukia Tharcisse, kwa sababu mjanja mzuri hasemi uongo peke yake; humtafutia uongo mashahidi wakweli.

"Papa Tharcisse, wewe umekula mukate wa reli. Chapa ya kiwanda inakuwa namna gani?"

"Sawa na kamba!"

"Ulisha kuona kiwanda cha wazungu kinapiga namba ya kulewa? Ine imelala, saba imeanguka?"

"Hata siku moja!" Tharcisse akasimama kabisa. "Muzungu akijenga hata choo, anapima kwanza."

"Basi chungulia."

Tharcisse akachungulia, akatoka amekunja uso kama aliyeona utupu wa mtu mzima. "Hii ni aibu," akasema. "Hii imepigwa na fundi wa sufuria."

"Mademoiselle, ninakosea?"

Naomie akatikisa kichwa polepole. Koti jeupe likatikisika pamoja naye. Kesi ikawa imekwisha.

Blaise akaeleza mengine kwa huzuni iliyopimwa vizuri. Namba ya kughushi ni kesi ya parke, ofisi ya mwendesha mashitaka. Siku moja atakuja mkubwa fulani, atafungua kapo, ataona, atamuuliza Mama Ndaya gari alimwibia nani. Marehemu hatajibu. "Na mimi, mama, siwezi kwenda misa wakati mujane anaenda jela. Moyo haunipi. Pikipiki yangu iko pale. Ichukue. Mutoto wa muntu ataiendesha, utapata chakula cha kila siku. Hiyo kesi nipe mimi, nitaibeba."

Mama Ndaya alilia kwa mara ya pili kwa ajili ya motere ule, na safari hii machozi yalikuwa ya kweli. "Mungu bado anaumba watu," akasema. Wakapatana: makabidhiano Jumapili baada ya misa, Tharcisse shahidi.

Njiani Blaise alitembea kama aliyekwisha kuchagua rangi ya mbuzi. "Umeona? Hii njo ya Tunda." Naomie alikuwa anamfikiria yule mama alivyomshika mikono wakati wa kuaga, eti asante binti yangu kwa macho yako. Alikunja koti jeupe, akaliweka kwapani.

Jioni Djo alijibu ile picha aliyotumiwa kwa sauti iliyokatika pumzi: "Kaka, usiguse kitu. Nakuja mwenyewe kwa ndege."

*

Jumapili Tharcisse alivaa koti lake la kustaafia. Ufunguo wa pikipiki ulitoka mkono huu ukaingia ule, lutuku kidogo, pombe kali ya kienyeji, ikamwagwa chini, na shahidi akatamka kwa sauti ya karakana: "Kilichotoka kimetoka, kilichoingia kimeingia. Mwenye kurudi nyuma, aibu yake." Watu wakapiga makofi. Vijana wa avenue wakalisukuma gari wakiimba mpaka uani kwa Blaise.

Alingoja wote waondoke, akafungua kapo ili atazame utajiri wake. Motere uling'aa. Ulikuwa umeoshwa, umefutwa, umepakwa mawese mpaka nzi wameshaanza kuutembelea. Na pale ubavuni, mahali bapa kama kisigino, palikuwa laini kama shavu la mtoto mchanga. Nne haikuwapo. Saba haikuwapo. Hata kwenye chuma cha chini palikuwa pamesuguliwa.

Naomie alimwona Blaise akipapasa chuma kwa kidole, kama kipofu aliyekabidhiwa ukurasa mtupu. Kisha Blaise akakimbia, Naomie akamfuata.

Walimkuta Mama Ndaya anaosha pikipiki, Tharcisse amekaa kandokando akitoa maelekezo.

"Mama! Namba iko wapi?"

"Niliitoa, mutoto yangu."

"Uliitoa?"

"Sasa ningekuachia uingie nayo jela? Muntu muzuri kama wewe?" Akamwonyesha kiganja chenye malengelenge. "Ule wakati wa vita, hakuna kinga, hakuna baiskeli ya Kindu iliyobaki na namba. Wenye bunduki walikuwa wanasoma namba, wanasema, hii iko kwa liste yetu, shuka. Kinga bila namba, hawajui baba yake ni nani, wanaiacha. Bwana yangu njo alinifundisha: tupa ya kusugulia kwanza, kisha muchanga, kisha mawese. Ile ya uongo ningeiacha ya nini? Nimesugua mpaka mukono umekataa kushika mwiko."

Blaise akafungua kinywa. Kilikuwa kinywa kilichokwisha kuuza treni. Angesema nini? Kwamba ile namba ilikuwa ya kweli? Shahidi yuko hapo amevaa koti. Kwamba arudishiwe pikipiki? Lutuku ilikwisha kunywewa na ardhi.

"Asante, mama," akasema mwishowe, na sidhani kama Kindu imewahi kusikia asante ya bei kubwa kuliko hiyo.

"Hakuna kitu, mutoto yangu. Tunasaidiana."

*

Mtu wa kawaida angekaa chini akalia. Blaise alikaa chini akafikiri, na hapo ndipo msiba ulipoota miguu. Picha ya namba anayo simuni. Tharcisse alistaafu na vyuma vyake vya kupigia chapa, amevifunga kwenye kitambaa chenye mafuta kama masalio ya mtakatifu. Si uongo hata kidogo, alimweleza Naomie. Namba ni ya kweli, motere ni wa kweli. Atairudisha tu mahali pake. Alisema hivyo na uso wake ulijaa uchaji; pengine ndiyo mara ya kwanza alighushi ukweli.

Tharcisse alifurahi kuombwa. Blaise alimwambia ni kwa ajili ya kumbukumbu ya marehemu Kanyinda. Mzee akapima kwa rula, akachora mstari kwa chaki, akafumba jicho moja, akapiga. Tarakimu ya kwanza ikasimama wima kama askari siku ya sikukuu.

"Papa," Blaise akasema kwa sauti laini, "ile ine, uipindishe kidogo."

Nyundo ikabaki hewani. "Niipindishe?"

"Kidogo tu. Na saba uipige kwa nguvu, izame."

"Maître, mimi nimepiga chapa ya mabehewa mpaka macho yakachoka. Chapa yangu imefika Lubumbashi, hakuna aliyeirudisha. Unataka nizeeke vibaya?"

"Papa, ni kwa upendo wa marehemu..."

"Wewe mwenyewe njo ulisema mbele ya watu! Namba iliyopinda ni ya uongo. Mademoiselle alitikisa kichwa! Unataka niandike uongo kwa motere ya rafiki yangu?"

Naomie alijifunika mdomo na kitenge, akajifanya anakohoa. Tharcisse akaendelea kupiga, taratibu, kwa heshima zote. Alipomaliza, namba ilikuwa imenyooka hata ungeweza kuanikia nguo.

Djo alifika akiwa na miwani myeusi na manukato yaliyotangulia mwili wake uani. Alisalimia kwa Kilingala, akafungua kapo, akapitisha ukucha juu ya chuma. Akatoa simu, akaweka picha ya zamani kando ya namba mpya. Akatazama huku, akatazama kule. Kisha akavua miwani na kushusha pumzi ndefu.

"Kaka... pole sana."

"Nani amekufa?" Blaise akauliza.

"Namba yako. Ni ya uongo. Kwa picha ine imelala, hapa imesimama. Mistari imekufa. Wamekubadilishia motere."

"Djo, ni ileile! Nakuapia, ni ileile!"

"Muulize mademoiselle basi."

Naomie aliitazama ile namba wima. Jicho lake halikupepesa.

Djo akamshika Blaise bega, akaendelea kwa huzuni iliyopimwa vizuri. Namba ya kughushi ni kesi ya parke, kaka. Akija mkubwa fulani, akafungua kapo, utamwambia nini? Mimi siwezi kulala Kinshasa wakati ndugu yangu yuko jela ya Kindu. Nipe hili bati, nitalitupa mbali. Kesi nitaibeba mimi.

Blaise alimsikiliza kama mtu anayesikia nguo zake zikipita barabarani zimevaliwa na mwingine. Kila neno alilijua. Alijua pa kupumua, alijua pa kuinamisha kichwa. Ila jambo moja hakulijua, na mpaka leo halijui: kama Djo alidanganya, au alisema kweli kwa maneno ya kudanganyia. Alitoa macho, akahesabu wakubwa wote wanaoweza kufungua kapo, akaogopa. Kilemba cha ukoka alichozoea kuwavisha watu kilikuwa kimemkaa sawasawa.

Djo akavua saa yake ya dhahabu, akamvisha mkononi. "Si malipo," akasema. "Ni undugu." Kesho yake gari likapakiwa kwenye balenyeri, mashua ndefu ya mbao, likashuka na mto, taa zake duara zikitazama mji. Saa ya dhahabu ilitembea mpaka ilipopata jasho, ikasimama, ikaanza kuacha alama ya kijani kwenye mkono wa Blaise.

Pikipiki ya Mama Ndaya, hiyo ilitembea kila siku.

*

Blaise hakukaa na huzuni; huzuni hailipi. Asubuhi moja alikuwa anakunja shati zake. Watavuka kwenda Alunguli, akasema, watashika njia ya Lubutu, watafika mpaka Obokote. Kule watu wana mashamba na misitu, na hakuna anayemjua. Ana wazo la dawa ya kufukuza tembo. Koti jeupe litafaa tena.

"Funga begi yako, Naomie. Hii ikipita, Tunda moja kwa moja. Mbuzi mbele, mimi nyuma."

Begi la Naomie lilikuwa limeshafungwa, liko mlangoni. Nje pikipiki ya Mama Ndaya ilikuwa inanguruma, na mwendeshaji wake anauliza kama ni mtu mmoja au wawili. Safari ya Kibombo, kisha Tunda. Kuna mwanamume kule ana ndevu, na Emerance hakuwa amemkosea mtu yeyote. Baba alitaka tu mambo ya mkubwa yajulikane. Basi atayajua.

"Mutu mumoja," Naomie akamjibu mwendeshaji.

Blaise akacheka. Akalitazama begi, akamtazama yeye, akacheka tena kidogo. Kisha akaanza: mama yangu, roho yangu, unajua safari hii ni ya kweli, unajua mimi sijawahi kukudanganya wewe, wengine ndiyo, lakini wewe...

Naomie alimwacha amalize. Alikuwa amezoea kumwacha amalize. Alipanda nyuma ya mwendeshaji, akaweka begi mapajani, akakikunja kitenge chini ya miguu kisiguse mnyororo. Halafu akamgeukia, na sauti yake ilikuwa ndogo lakini ilitoka yote.

"Blaise, sikukuamini hata siku moja. Nilikuwa nakupenda tu."